Bakteria aliyebadilishwa vinasaba ni yupi, na yupi siye

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia "insulini ni GMO, inabadilisha DNA yako" (GMO ni kifupi cha Kiingereza, maana yake kiumbe aliyebadilishwa vinasaba), na mara ya mwisho aliyekuwa anasema hivyo alikuwa anamshauri mgonjwa wa kisukari aache sindano arudi kwenye majani. Ikifika hapo si ubishi tena, mtu anaweza kufa.

Maana yenyewe ni fupi. Bakteria aliyebadilishwa vinasaba ni yule ambaye binadamu kwa makusudi, maabara, amemwingizia jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani), amemtoa jeni, au amezihariri alizokuwa nazo, na badiliko hilo linarithiwa na wote wanaotoka kwake. Basi. Wa kwanza alipatikana 1973 Marekani, pale Stanley Cohen na Herbert Boyer walipochukua plazmidi, yaani vile viduara vya DNA ambavyo bakteria anavibeba pembeni ya DNA yake kuu, wakaikata, wakapachika jeni nyingine, wakairudisha ndani ya E. coli, na baadaye wakajaribu hata na jeni ya chura ikakubali. E. coli ndiyo yule yule tunayemlaumu kwa UTI, ila wa maabara wengi ni wa ukoo unaoitwa K-12, uliotolewa kwa mgonjwa mmoja California mwaka 1922 na ukalelewa maabara miaka mingi hadi ukapoteza uwezo wa kukaa vizuri kwenye utumbo wa mtu.

Sasa vurugu inaanzia hapa. GMO ni jina la kiumbe. Siyo jina la kila kitu ambacho kiumbe huyo amekigusa au amekitengeneza, na siyo jina la kila bakteria anayetutisha.

Chukua hiyo hiyo insulini. Tangu 1922 watu wenye kisukari walikuwa wanachomwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Insulini ya binadamu ni minyororo miwili yenye jumla ya amino asidi 51 (amino asidi ndiyo matofali ya protini), ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa moja, ya ng'ombe kwa tatu, kwa hiyo ilifanya kazi, lakini wapo waliopata mzio, na kwa Muislamu wa Unguja au Mombasa kulikuwa na hilo swali la nguruwe juu yake, hata kama masheikh wanasema dharura ina hukumu yake. Mwaka 1978 kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope wakafanikiwa kuifanya E. coli itoe insulini ya binadamu, 1982 Marekani ikairuhusu kutumika. Bakteria wanalelewa kwenye matangi ya chuma, mazingira yakiwa mazuri wanagawanyika kila dakika 20 hivi, wanajaza protini ndani mwao, halafu wanauawa, wanapasuliwa, na ile protini inasafishwa hatua kwa hatua. Kinachofika kwenye kichupa ni protini, na protini hiyo haina uwezo wa kuingia kwenye DNA yako ikaandika kitu. Kuiita GMO ni kama kusema asali ina mabawa kwa sababu nyuki anayo. Na kichekesho ni kwamba ile ya kongosho la nguruwe, ambayo watu wanaiona ndiyo "ya asili", ndiyo iliyokuwa tofauti na ya mwili wako. Hii ya bakteria ni ile ile uliyozaliwa nayo.

(Ili nisije nikarekebishwa na wafamasia: siyo insulini yote inatoka kwa bakteria, nyingine inatengenezwa na hamira, ndiyo, spishi ile ile ya hamira ya maandazi. Na zipo insulini za kisasa ambazo zimebadilishwa kidogo makusudi, kwa mfano lispro ina amino asidi mbili zilizobadilishana nafasi ili ifanye kazi haraka. Hapo protini yenyewe imeguswa, sawa, lakini bado ni protini, siyo kiumbe.)

Ndiyo maana Kenya iliweza kupiga marufuku vyakula vya GMO kuanzia 2012 mpaka 2022 bila mgonjwa hata mmoja kunyimwa insulini kwa sababu ya marufuku hiyo. Hakuna mkanganyiko hapo.

Simaanishi kwamba hakuna maswali ya maadili. Yapo mengi, na mengine ni mazito, ila watu wanabisha hodi nyumba siyo. Swali la kwanza ni huyu bakteria anakaa wapi. Yuko ndani ya tangi lililofungwa au amemwagwa shambani? Kwa sababu bakteria wana tabia ya kupeana jeni wao kwa wao, hata wa spishi tofauti, kupitia hizo hizo plazmidi, na ukishamwaga huwezi kwenda kuwaokota. Wanasayansi wenyewe waliliona mapema. Mwaka 1974 kundi lililoongozwa na Paul Berg liliomba wenzao wasimamishe baadhi ya majaribio, na Februari 1975 wakakutana Asilomar, California, wakakubaliana masharti: kadiri hatari inavyoongezeka ndivyo maabara iwe imefungwa zaidi, na ikibidi watumie bakteria waliodhoofishwa makusudi ambao wakitoka nje hawawezi kuishi. Wapo waliolalamika kwamba waliojadili walikuwa karibu wote ni wanasayansi, wananchi hawakuulizwa, na mimi nadhani lalamiko hilo lina haki kabisa.

Kumwaga nje kulijaribiwa 1987 huko huko California. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas syringae anayekaa kwenye majani na kusaidia barafu iumbike, mimea inaungua kwa baridi. Watafiti wakamtoa ile jeni ya kuanzisha barafu, wakampulizia kwenye stroberi na viazi. Mpulizaji alivaa kama anaenda mwezini, na usiku wa kuamkia jaribio watu wakaingia shambani wakang'oa miche. Angalia: huyu hakuongezewa chochote, alipunguziwa tu, na wapo wa aina yake wasio na jeni hiyo wanaopatikana kiasili. Lakini wasiwasi wa watu haukuwa wa kijinga, maana walikuwa wanauliza swali sahihi, huyu akishatoka nani anamrudisha.

Swali la pili ni la umiliki, na hili mimi ndilo linaloniumiza zaidi. Waliogundua insulini waliuza hataza yao (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ikasema bakteria wa Ananda Chakrabarty aliyekusudiwa kula mafuta yaliyomwagika anaweza kuwekewa hataza, yaani kiumbe hai kikawa mali ya mtu kama mashine. Dawa inayotoka kwa bakteria ambaye chakula chake ni sukari na chumvichumvi ikaja kupanda bei Marekani mpaka watu wakawa wanapunguza dozi. Ukitaka kugomba kuhusu insulini, gomba na hilo.

Halafu kuna wale wanaowekwa kwenye kapu hili kimakosa kabisa. Bakteria sugu wa hospitalini hawakutengenezwa na mtu, usugu wao umetokana na mabadiliko ya kawaida pamoja na sisi kumeza antibayotiki nusu dozi na kununua bila cheti. Mahindi ya Bt nayo siyo bakteria, ni mahindi yaliyopewa jeni iliyotoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis (ndiyo hiyo Bt), kwa hiyo hapo GMO ni mmea wa mahindi.

Na hao wa kiwanda cha Kibaha, Tanzania, cha teknolojia ya Cuba, kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, ambao nimesikia wakiitwa "bakteria wa GMO wa kuua mbu": hapana ndugu zangu. Wale ni Bacillus wa asili, mmoja wao anaitwa israelensis kwa sababu alipatikana jangwa la Negev, Israel, mwaka 1976, na wanazalishwa kwa wingi jinsi walivyo. Kiluwiluwi akimla, protini yake inayeyuka kwenye utumbo wenye alkali na kuutoboa, tumbo letu lina asidi na halina pa kuishika hiyo protini. Waiteni tu viuadudu vya kibayolojia, ndivyo vilivyo.