Taswira haipigwi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Tanga, alinitumia kwenye simu bango la mafunzo yake. Limepangwa vizuri, rangi zimetulia, na katikati kuna mwanamke mzee anayepeta mchele kwa ungo. Juu yake kaandika: "Jifunze kupiga taswira za maisha ya kila siku." Nikamjibu hongera, maana ni mtoto wa jirani na anajitahidi. Halafu lile neno likanikaa kooni siku nzima kama mwiba wa samaki.

Si yeye peke yake. Mwezi huohuo nilisoma tangazo la "taswira za harusi kwa bei nafuu", nikamsikia mtangazaji akiahidi kutuletea taswira kutoka uwanjani, na fundi simu akanishauri nifute taswira za zamani ili simu ipate nafasi. Taswira zangu za zamani, zifutwe! Zingekuwa zinafutika kwa kidole kuna watu wangepanga foleni kwake tangu alfajiri.

Tuanze na maana, tuimalize haraka. Picha ni kitu: mfano wa mtu, mahali au jambo, uliochorwa, uliochapwa kwenye karatasi au unaoonekana kwenye kioo cha simu. Taswira ni kile kinachojengeka akilini mwa mtu anapoona, anaposoma, anaposikia au hata anaponusa kitu. Picha unaweza kuichana. Taswira huna pa kuishika. Aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne anayajua haya. Aliyajibu kwenye mtihani wa fasihi, akapata alama zake, akayaacha mlemle chumba cha mtihani.

Sasa asili ya neno, ambako ndiko ninakotaka tukae.

Taswira tumeipata kwa Waarabu, kutoka neno taswir, na ukitaka kuijua tabia yake watazame ndugu zake. Tafsiri ni tendo la kufasiri. Takriri ni tendo la kukariri, kurudiarudia. Tashbiha ni tendo la kushabihisha kitu na kingine. Taswira ni tendo la kusawiri. Yote manne yamekatwa kwa kiolezo kimoja cha Kiarabu, kile kinacholipa jina tendo lenyewe, siyo kitu kilichobaki baada ya tendo kwisha. Najua tafsiri tumeiruhusu imaanishe pia kitabu kilichokwisha kufasiriwa. Mtoto mmoja akideka nyumba nzima haiharibiki.

Na kusawiri ni nini? Ni kukipa kitu umbo. Walimu wa fasihi tunalitumia kila siku tukisema mwandishi amemsawiri mhusika fulani kama mtu mchoyo. Hakuna kamera hapo. Mzizi wake ni herufi tatu, swadi, wau na ra, na katika mzizi huohuo limechipuka neno sura, la uso na umbo. Ile w unayoisikia katika taswira na ile u unayoisikia katika sura ni herufi moja, wau, ambayo Kiarabu huipa kazi mbili: mara ni w, mara ni u ya kuvutwa. Waislamu wanalijua jamaa jingine la ukoo huu kutoka katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, lililotajwa mwishoni mwa Suratul Hashr.

Hapo kwenye Suratul Hashr nawaona wengine wameanza kuchanganya, basi tulimalize na hilo. Sura ya Kurani, ambayo ndiyo iliyotupa sura ya kitabu, si ndugu wa sura ya mtu. Ile huanza na herufi sin, hii ya uso huanza na swadi. Kwa Mwarabu ni sauti mbili tofauti kabisa. Mswahili alizisikia zote, akaona s ni s, akaziweka kapu moja. Ndiyo maana kwetu mtu ana sura nzuri na kitabu kina sura kumi, na hakuna anayeshangaa.

Aliyewahi kuishi Maskati atainua kidole: mwalimu, kule taswir ni upigaji picha, na mpiga picha ndiye musawwir. Ni kweli. Lakini ile karatasi anayokukabidhi musawwir mkononi haiitwi taswir, inaitwa sura. Hata kule tendo limebaki tendo na kitu kimebaki kitu. Tena neno likishavuka bahari hupangiwa kazi na wenyeji wake wapya. Wa kwetu, wahakiki wa ushairi na riwaya, waliipokea taswira wakaipangia kazi ya akilini, nayo imeifanya vizuri. Kuiondoa huko ili ifanye kazi ambayo picha inaifanya bila kulalamika ni kuacha kiti kimoja na watu wawili na kingine kitupu.

Picha yenyewe haina makuu. Imetoka kwa Mwingereza, ikapewa irabu ya mwisho ili itamkike, ikaolewa na kitenzi chetu piga. Piga pasi, piga deki, piga kura, piga hodi, piga picha: ni matendo ya mkono, unaweza kusimama ukamwona mtu akiyafanya. (Wanaosema "kuchukua picha" nao siku yao inakuja. Kwangu mimi aliyechukua picha ni shemeji yangu mmoja, aliyeondoka na albamu ya harusi mwaka 1994 na mpaka leo hajairudisha.) Picha hupigwa, na zamani za mkanda ilipelekwa kusafishwa, ikachapwa, ikabandikwa. Taswira hujengwa. Humjia mtu. Hufifia, na siku moja harufu ya mafuta ya nazi ikairudisha yote.

Wala haikuisubiri kamera. Katika utenzi wa kale wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha majumba ya Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, yaliyokwisha kuhamwa: yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani za kaure sasa wamelala makinda ya ndege. Hakuna aliyeipiga picha Pate hiyo, na kamera ilikuwa bado haijafika popote. Msomaji bado anaviona vile vidaka, na kila mmoja anaviona vyake; mimi huviona vya nyumba moja ya Pangani niliyolala nikiwa mdogo.

Kwa nini nijisumbue na haya kwa sababu ya bango la kijana? Kwa sababu mafunzo yake yanahusu picha za maisha ya kawaida, na hakuna mahali ambapo tofauti ya picha na taswira ina uzito kama hapo.

Picha ya kamera ya kale zaidi iliyobaki duniani ni ya jambo la kawaida mno. Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutoka dirisha la ghorofani nyumbani kwake: mapaa, kuta, kipande cha mbingu. Ilichukua saa nyingi kuingia kwenye bati, kiasi kwamba jua linaonekana limezipiga kuta za pande zote mbili. Halafu mwaka 1838 Louis Daguerre akapiga barabara moja ya Paris. Magari ya farasi na watembea kwa miguu hawakuonekana kabisa, maana picha ilihitaji dakika kadhaa na wao hawakutulia. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyesimama anang'arishiwa viatu. Huyo anatajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha, na jina lake halijulikani. Picha yake tunayo. Mkewe, kama alikuwa naye, angeitazama akajua alikuwa anakwenda wapi na viatu vile. Sisi hatujui, tunaona viatu.

Ndiyo maana ule msemo wa kuazima, kwamba picha moja inasema maneno elfu, haunifurahishi. Picha haisemi hata moja. Anayesema ni anayeitazama.

Picha ninayoipenda kuliko zote kwenye simu yangu niliipiga kwa bahati mbaya, mwaka 2019, nyumbani kwa mama Muheza, nilipokuwa natafuta mtandao. Ni kizingiti cha dirisha la jikoni. Kuna kikombe cha bati chenye mswaki, kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi, na betri nne kubwa zimeanikwa juani. Basi. Imepinda, na kidole changu kimeziba kona moja.

Nilimwonyesha mwanafunzi wangu mmoja akasema, "Mwalimu, hii si ungeifuta?" Hana kosa. Hajawahi kuona betri ya redio ikianikwa ili ipate nguvu za usiku mmoja zaidi. Kwake ni picha ya vitu dirishani.

Nilimwonyesha kaka yangu. Akaitazama muda mrefu, akairudisha simu, akasema, "Kumbe mama bado anazianika." Zile betri zilikuwa kazi ya baba. Kila mchana alizipanga pale pale, kutoka kushoto, na hatukuruhusiwa kuzigusa, kwa sababu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba alifariki mwaka 1987. Mama ana redio ya umeme.

Picha ni ileile moja. Mwanafunzi aliona betri, kaka alimwona baba. Mimi nilimwona mama, miaka thelathini na miwili, akitoka na betri zisizo na kazi na kuzipanga kutoka kushoto. Sasa niambie ni ipi kati ya hizo iliyopigwa na simu yangu.

Wazee wetu walilifahamu hili bila kulipa jina. Enzi za mkanda wa picha 36 kila moja ilihesabiwa, ikalipiwa, na kusafisha kukalipiwa tena, basi hakuna aliyepoteza nafasi kwa kizingiti cha jikoni. Watu walivaa wakaenda studio. Pale Zanzibar Capital Art Studio iko tangu mwaka 1930, na albamu nyingi za ukanda huu zimejaa picha za namna hiyo: pazia nyuma, kiti kimoja, mkono begani. Jikoni, kisimani, chooni, hamna. Lakini geuza picha hizo nyuma. "Kwa ukumbusho", tarehe, mahali, na mara nyingi sababu: siku alipohama, siku alipopata kazi bandarini. Ile kalamu ya nyuma ndiyo kamba iliyoifunga taswira isiende na upepo. Simu yangu inanihifadhia tarehe na saa mpaka sekunde, na hainiambii kwa nini. Ya betri nimeiandikia mwenyewe, maana wanangu wakiikuta bila maandishi wataiona kama yule mwanafunzi alivyoiona.

Hili kijana wangu anaweza kulifundisha, na nadhani alikuwa analikusudia. Kupiga hajifunzi mtu kwa siku nyingi: mwanga utoke wapi, usitetemeke, sogea karibu. Kazi ni kumrudia mama au bibi na ile picha mkononi, ukamuuliza, ukanyamaza, ukaandika.

Jumamosi alipita kunisalimu. "Shikamoo mwalimu. Bango uliliona?" Marahaba, nililiona, ni zuri. Nikamuuliza yule mzee mwenye ungo ni nani. Akacheka kidogo. "Bibi yangu, mzaa mama. Ndiyo alikuwa anaaga anarudi kijijini, akasema haondoki mpaka atupetee mchele wa wiki nzima."

Nikamwambia hayo aliyonieleza ndiyo taswira, na imenijia sasa hivi, siku kumi baada ya kuliona bango. Ile ya kwenye bango ni picha, nzuri tu, na haina haja ya kuitwa jina jingine.

"Lakini mwalimu, 'picha' si neno la kawaida mno?"

La kawaida, ndiyo, na mafunzo yako umesema ni ya maisha ya kawaida. Andika "Jifunze kupiga picha za maisha ya kila siku", na chini yake, kwa herufi ndogo, andika alichosema bibi siku ile kabla ya kupanda basi.