Kifaranga aliyevimba gole hapinduliwi kichwa chini
Mitaa mingi ya Tanga, kifaranga akivimba gole, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, dawa ni ileile: mafuta ya nazi mdomoni, kisha anapinduliwa kichwa chini na kukamuliwa hadi atapike. Akifia mkononi, lawama hupewa ugonjwa wa kideri. Kumbe kinachomuua ni uji wa chakula unaotoka kwenye gole, ukapanda kooni na kuingia njia ya hewa, ambayo tundu lake liko nyuma tu ya ulimi.

Gole lililojaa jioni si ugonjwa. Lipapase alfajiri kabla ya kulisha, upande wa kulia chini ya shingo: likiwa tupu, muache. Likiwa bado gumu, au linabonyea kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, hapo pana shida.

Mtenge. Muondolee chakula kwa saa chache tu (si siku nzima, hana akiba hiyo) na umpe joto, nyuzi 32 hadi 35 kwa wa wiki ya kwanza. Akipata baridi, gole huacha kusukuma chakula. Mdondoshee maji ya uvuguvugu pembeni mwa mdomo, tone moja moja, ameze mwenyewe. Likande taratibu kwa ncha ya kidole, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku. Lenye uchachu, au lisiloshuka kufikia kesho yake, ni la daktari wa mifugo.

Kisha kagua matandazo. Nyuzi za katani na makumbi ya nazi, ambazo huku hupatikana kwa urahisi, humezwa na kujisokota ndani. Tumia maranda makavu. Anayekula chenga za mahindi au majani anahitaji pia kudonoa mchanga wa chembechembe wa kumsagia chakula tumboni, ila usiwe wa baharini: chumvi nyingi huua vifaranga.