Kipimajoto cha Infraredi: Kinachopima na Kisichopima

Kipimajoto cha infraredi ni kile kifaa chenye umbo la bastola ambacho walinzi wa maduka makubwa ya Nairobi walituelekezea pajini mwaka 2020. Wengi walihofu kwamba kinapiga miale kichwani, ilhali hupokea tu. Kila kitu chenye joto, uwe ukuta au mwili wa binadamu, hutoa mionzi ya infraredi, ambayo macho hayaioni na ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800. Lenzi huikusanya mionzi hiyo kwenye kitambuzi kidogo, nacho kikipata joto huzalisha umeme hafifu sana ambao saketi huugeuza kuwa nyuzi. Nukta nyekundu ya leza, kwenye vifaa vya mafundi, ni ya kulengea tu.

Kinachopimwa, basi, ni joto la uso wa kitu. Sufuria inayong'aa iliyojaa maji yanayotokota yaweza kusomeka kana kwamba ni vuguvugu, kwa kuwa metali iliyosuguliwa hutoa mionzi kidogo mno. Paji la mtu aliyetembea juani kwenye barabara ya Tom Mboya nalo hudanganya.

Ndiyo maana siwaamini wauzaji wa bangili na vijiti vya "nishati ya uponyaji" wanaotumia kifaa hiki kama ushahidi. Mteja hupimwa kiganja, hushikishwa kijiti kwa dakika chache, kisha hupimwa tena na namba huwa imepanda. Imepanda kweli, lakini kiganja kilichofumbwa hupata joto hata kikishika kijiko, na mtu akitulia mishipa ya mikono hutanuka na damu huongezeka. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ugonjwa, na inasikitisha kwamba kuna wanaoacha dawa za presha kwa sababu yake.

Mwaka 1998 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha jaribio lililobuniwa na mtoto, Emily Rosa. Watabibu 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili walipitisha mikono yao nyuma ya kizuizi, kisha wakaulizwa mkono wa Emily uko karibu na upi kati ya mikono yao miwili. Walipatia mara 123 kati ya 280, yaani asilimia 44, wakati kubahatisha tu kungewapa takriban nusu.

Muuzaji wa kijiti anaweza kuombwa jambo kama hilo: vijiti viwili vinavyofanana, kimoja bandia, mgonjwa na mpimaji wasijue ni kipi, na kinachopimwa kiwe presha yenyewe anayodai kuishusha, si joto la kiganja.