Je, wajua kwa nini mzee akitembea peke yake huukumbuka ujana wake?

Vijijini Dodoma, hasa kiangazi kazi za shamba zinapokwisha, ni kawaida kumwona mzee na fimbo yake akitembea polepole, peke yake, kabla jua halijapanda. Babu yangu alikuwa na njia yake upande wa Hombolo. Kila alipofika kwenye mbuyu mmoja alisimama, akapapasa mahali ambapo yeye na wachungaji wenzake, wakiwa wavulana, walibandua gome ili wasokote kamba. Gome lilikuwa limeota tena, likaacha kovu nene. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anawasalimu wenzake, na wote walikuwa wamekwisha kufariki.

Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu waliovuka miaka 40, wakiombwa kusimulia maisha yao, hutaja zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, pengine kwa kuwa ndipo mengi hutokea kwa mara ya kwanza. Matembezi nayo huchochea: miguu iliyoizoea njia haihitaji kuangaliwa sana, akili hubaki huru, na mahali penyewe huamsha yaliyotendeka hapo. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wazee 120, waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa takribani asilimia 2, ilhali ya wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua.

Kurudia ya zamani kuliwahi kudhaniwa kuwa dalili ya akili kuchakaa, jambo ambalo naona liliwaonea wazee wengi. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alieleza kwamba hayo ni mapitio ya maisha, ambayo humjia mtu anapohisi mwisho wake unakaribia, na kwamba migogoro ya kale ambayo haikusuluhishwa ndiyo huibuka zaidi. Hakuficha kwamba wengine huishia kwenye majuto mazito. (Mzee anayepotea kwenye njia aliyoizoea ni habari nyingine, huyo apelekwe hospitali.)

Asubuhi moja babu alirudi kutoka kwenye mbuyu, akakataa uji, akaomba apelekwe Kongwa kwa mdogo wake, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu walipogombania ng'ombe wa urithi.