Wembe wa Waridi na Bei Yake

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, utamsikia mchuuzi mmoja akiuza raba kwa ndimi mbili. Akikaribia mwanamume, ataitwa "mkubwa" na kuambiwa kiatu ni kigumu, cha kazi, hakichoki. Akija mwanamke, ni "siz", na raba zizo hizo zimekuwa nyepesi, za kupendeza, haziumizi mguu. Zote zimetoka kwenye robota moja la mitumba. Mchuuzi huyo hajasomea masoko popote, lakini anafanya kwa mdomo kazi ambayo kampuni kubwa huilipia mamilioni: anakuangalia jinsia, anakisia unatamani kuonekana mtu wa namna gani, kisha anakuuzia tamaa hiyo pamoja na kiatu.

Mimi nafundisha uuzaji chuoni hapa Kisumu, na sina ugomvi na kelele za soko. Biashara ni matangazo. Ugomvi wangu unaanza pale dhana kuhusu wanaume na wanawake inapogeuzwa kisingizio cha kumtoza mtu zaidi, au kumpa kitu cha kumdhuru.

Chukua nyembe za kunyolea. Katika duka kubwa lolote mjini, za buluu na nyeusi ziko rafu moja, za waridi ziko nyingine, mara nyingi mbali kiasi kwamba huwezi kuzilinganisha bila kutembea. Tuseme pakiti ya buluu ina nyembe nne kwa shilingi 200, na ya waridi ina tatu kwa shilingi 180. Jicho linaona 180 na kufurahi. Hesabu inasema wembe wa buluu ni shilingi 50, wa waridi ni 60. Losheni na dawa za kwapa zina mchezo uo huo: chupa ya wanawake huwa na kiuno chembamba, ya wanaume imenyooka kama kopo la rangi, na ni nadra mtu kusoma mililita. Igeuze uone nyuma. Dawa nyingi za kuzuia jasho, ziwe za kike au za kiume, hutegemea chumvi za alumini. Kinachotofautiana zaidi ni harufu.

Jambo hili limepimwa kwingineko. Mwaka 2015, idara ya masuala ya watumiaji ya jiji la New York ililinganisha bidhaa karibu 800 zenye sura ya kike na ya kiume. Za wanawake zilikuwa ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 7, na kwa bidhaa za usafi wa mwili pengo lilifika asilimia 13. Hapa sizungumzii sodo, ambayo ni hitaji la maumbile na ambayo Kenya iliiondolea kodi ya VAT mwaka 2004. Nazungumzia vitu ambavyo mwili wa mtu yeyote ungeweza kutumia bila kujua tofauti.

Anayedhani kwamba bidhaa huzaliwa na jinsia yake, asome historia ya sigara. Nchini Marekani, mwaka 1929, mtaalamu wa uhusiano wa umma Edward Bernays alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika gwaride la Pasaka jijini New York, na magazeti yakaambiwa hiyo ni mienge ya uhuru. Mwajiri wake alikuwa kampuni ya tumbaku, iliyoona nusu ya wateja wanaowezekana wamekatazwa na desturi. Marlboro nayo ilianza katika miaka ya 1920 kama sigara laini ya wanawake. Miaka ya 1950, watu walipoanza kusikia habari za saratani ya mapafu, sigara za kichungi zilionekana salama kidogo lakini za kike. Mtengenezaji matangazo Leo Burnett wa Chicago akapewa kazi ya kubadilisha sura hiyo, akamweka mchunga ng'ombe mwenye kofia, na mauzo yakapaa. Kwa wanawake moshi uliitwa uhuru, kwa wanaume ukaitwa ushujaa. Baadhi ya wanaume waliopigwa picha za wachunga ng'ombe hao walikufa kwa saratani ya mapafu.

Kwetu leo, ushujaa wa kuuziwa vijana wa kiume ni kamari. Mtu mwenye simu, wenzake wakimshangilia, na fununu kwamba mwanamume wa kweli haweki dau dogo. Wasichana wanauziwa ngozi nyeupe, na baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo. Kamari inamwambia kijana hajatosha kuwa mwanamume. Krimu inamwambia msichana rangi yake ni kasoro.

Hata muuzaji mwenyewe hupotea njia. Ingia agroveti yoyote Kakamega au Bungoma: bango la mbegu lina mwanamume mwenye gambuti, ilhali katika boma nyingi anayepanda, kupalilia na kujua shamba lipi lina kiduha, gugu linalonyonya mahindi, ni mama. Naye akifika kaunta, usishangae akiulizwa, "Mzee amesema tukupe gani?"

Uingereza ilianza kuzuia matangazo yenye dhana za kijinsia zenye madhara mwezi Juni 2019. Kati ya ya kwanza kupigwa marufuku ni tangazo la jibini, ambamo akina baba waliwaacha watoto wachanga wakizungushwa kwenye mkanda wa kusambazia chakula mgahawani. Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika na anachonunua, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza madai ya uongo kuhusu ubora na bei. Kupaka wembe rangi ya waridi si uongo, kwa hivyo hapo kinga yako ni kugawa bei kwa idadi au mililita kabla ya kufika kwa keshia. Lakini pakiti ikidai kitu ambacho bidhaa haifanyi, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Usitupe pakiti wala risiti.