Kufufua Land Rover ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Land Rover 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliyonunuliwa kwenye mnada wa serikali, ikafanya kazi hadi ikachoka na sasa imekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, huwavutia watu wa aina mbili: mnunuzi wa chuma chakavu, na mtu anayeamini kwamba akiifungua yote, akaisafisha na kuifunga upya kwa uangalifu, atapata gari la maisha pamoja na faida. Nionavyo mimi, kazi hiyo inafaa kwa atakayeliendesha gari mwenyewe, mradi chesisi iwe nzima na karatasi ziwe kamili, ilhali kwa anayetafuta pesa ya kuuza karibu kila mara haifai. Nazungumzia hasa matoleo yaitwayo Series II, IIA na III, yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1985, kwa sababu ndiyo ambayo bado yanaonekana kwa wingi vijijini na kwenye karakana zetu, na ndiyo yaliyozungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi.

"Land Rover haishiki kutu, bodi yake ni aluminiamu"

Maneno haya ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayofilisi watu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati ambapo chuma nchini Uingereza kilikuwa bado kinagawiwa kwa kibali baada ya vita, na kwa hiyo kampuni ya Rover iliamua kutumia mabati ya aloi ya aluminiamu yaitwayo Birmabright. Lakini mabati hayo ni vazi tu. Chesisi ni ya chuma, imeundwa kwa mabamba yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani, na humo ndimo maji na tope huingia na kukaa msimu baada ya msimu. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma pia, na sehemu zake za chini, pale dereva anapoweka miguu, huoza mapema. Hata milango ina fremu za chuma zilizofunikwa kwa aluminiamu, na vyuma hivyo viwili vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa: rangi huvimba, na ukiikwangua unakuta unga mweupe. Ndiyo maana gari lililozeeka Tanga au Mombasa si sawa na mwenzake wa umri uleule aliyezeekea Dodoma.

Kabla ya kutaja bei, mnunuzi anapaswa kulala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Aanze na boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba kifungio cha kuvutia tela, kisha afuate ukingo wa chini wa chesisi kuelekea mbele, akigonga pia mikono mifupi inayotoka pembeni kushika bodi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mlio mfu na kudondosha magamba ya kutu, na wakati mwingine bisibisi huzama bila kusukumwa sana. Akikuta chesisi imepakwa lami mbichi juzi tu, asifurahi, aulize kilichofichwa. Kiraka kilichochomelewa juu ya kiraka kingine ni dalili kwamba gari limekuwa likiahirishiwa kifo, na fundi mwaminifu atamwambia kwamba kutu iliyobaki ndani itatokeza tena kando ya mshono.

Chesisi mpya zilizozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa zinatengenezwa Uingereza hadi leo, na ni nzuri. Hata hivyo, ukijumlisha bei yake, meli, ushuru na kazi ya kuhamisha kila kitu kutoka chesisi ya zamani, utagundua kwamba unajenga gari jipya kwa kutumia baadhi ya vipande vya la zamani. Hakuna ubaya katika hilo kama ndilo unalolitaka, ila usiliite ukarabati wa bei nafuu.

"Injini ikiwaka, kazi iliyobaki ni ndogo"

Wauzaji wanaipenda sana dhana hii, kwa kuwa injini inayowaka mbele ya mnunuzi huziba masikio yake. Ukweli ni kwamba injini ya Land Rover ya Series, hasa ile ya sentimita za ujazo 2,286, iwe ya petroli au ya dizeli, ni sehemu rahisi kuliko nyingi katika gari zima. Haina elektroniki, mafundi wengi wakongwe wanaifahamu, na pistoni, ringi, beringi na gasketi zake bado zinauzwa. Kinachokula muda ni vile ambavyo havionekani kwenye video fupi ya kuwasha gari: kutoa boliti zilizoganda kwa miaka 40, kunyoosha mabati bila kuyatanua, kutandika nyaya zote upya, kuondoa uvujaji wa gia boksi na difu, na kupanga milango ifunge bila kusukumwa kwa bega. Ukarabati wa kina hula mamia ya saa za kazi, na si ajabu ukapita saa 1,000. Nati nyingi za magari haya ni za kipimo cha inchi, na fundi asiye na spana zake atalazimisha ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7 tu. Siku hiyo nati inazunguka kidogo. Baada ya mara chache imeviringika, na kazi ya dakika tano imekuwa ya kuchomelea na kukata.

Wapo wanaotaka kulikwepa hilo kwa kuweka injini ya Toyota, Isuzu au ya Defender, Land Rover iliyorithi Series. Kwa gari la kazi, si wazo baya. Tatizo ni kwamba breki za Series ni za dramu kwenye magurudumu yote manne, na gia boksi iliundwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo anayeongeza kasi bila kuongeza uwezo wa kusimama amejitengenezea hatari. Vilevile injini mpya lazima iandikishwe, kwa kuwa namba yake iko kwenye kadi ya gari.

"Spea zimekwisha"

Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Kwa kuwa magari haya yalitumiwa na majeshi, polisi na mashirika katika nchi nyingi, na kwa kuwa warithi wake waliendelea kutengenezwa katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, hadi tarehe 29 Januari 2016, soko la spea bado ni kubwa. Vipuri hupatikana Kirinyaga Road Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na Kisekka Kampala, na visivyopatikana huagizwa Uingereza. Hata upande wa pili wa ushindani mambo yanaelekea hukohuko: mwaka 2021 Toyota ilitangaza kurudisha baadhi ya spea za Land Cruiser ya mfululizo wa 40, gari lililoacha kutengenezwa miaka ya 1980. Tabu iliyopo ni ubora. Mipira ya breki ya bei rahisi huvimba na kuvuja mapema, na bushi laini huisha kabla ya rangi kukauka vizuri, kwa hiyo mara nyingi spea ya zamani ya asili iliyosafishwa ni bora kuliko mpya isiyo na jina.

"Ni uwekezaji, bei inapanda tu"

Dhana hii ina chanzo chake. Mwaka 2016 Land Rover yenyewe ilianza mpango wa kufufua Series I kiwandani, na bei zilizotajwa zilikuwa za kutisha. Nchini Marekani, gari lililofikisha miaka 25 husamehewa viwango vya usalama vya magari yanayoingizwa nchini, na jambo hilo limepandisha sana mahitaji ya Defender za zamani. Watu wanasoma habari hizo, wanaitazama 109 yao iliyokatwa paa na kubadilishwa injini mara mbili, na kuanza kupiga hesabu.

Mnunuzi wa bei hizo analipia historia iliyoandikwa: injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, rangi ya asili, kumbukumbu za wamiliki. Gari letu la kawaida halina hayo. Wapo wanaodai kwamba uchache utalipandisha bei, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane na Uganda ilizuia mwaka 2018 yenye miaka 15 au zaidi. Ni kweli kwamba yaliyopo ndani hayataongezeka kwa urahisi, lakini uchache bila wanunuzi hautengenezi bei. Maelfu waliokuja Arusha mwezi Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover walionesha mapenzi, na mapenzi ni kitu tofauti na hundi. Anayelipa fundi kwa saa atatumia zaidi ya atakachorudishiwa na mnunuzi. Anayejifanyia kazi mwenyewe atarudisha gharama ya vifaa ikiwa hatahesabu jasho lake.

"Chuma cha zamani kinalinda kuliko bati za siku hizi"

Hapana. Gari hili halina mifuko ya hewa wala sehemu za mbele zilizoundwa kujikunja ili kumeza mshindo, na katika nyingi za Series tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Kwenye barabara kuu linaendeshwa kwa raha kwenye mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, huku ya petroli ikinywa lita moja kwa kilomita tano hadi saba. Kwa njia ya shamba, mbuga au mvua za masika ni gari la kuheshimika. Kwa safari ya kila siku ya Chalinze na malori ubavuni, sishauri. Mikanda ya usalama inayofaa na breki zenye msaada wa kukanyaga ni mabadiliko ninayoyaunga mkono hata kama wapenda asili watanuna.

"Kadi itafuatiliwa baadaye"

Huu ndio uzembe unaoua miradi mizuri. Gari lililopitia minada, mirathi na wanunuzi watatu wasiobadilisha jina linaweza kuwa na kadi ya mtu aliyefariki zamani au lisiwe nayo kabisa, na kulipaka rangi hakubadilishi hilo. Katika nyingi za Series II na III namba ya chesisi imegongwa mbele, upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikwa. Futa tope, kwangua rangi taratibu kwa brashi ya waya, soma, kisha ulinganishe na kibati kilicho ndani ya gari na kadi yenyewe. Zikitofautiana, au pale namba inapopaswa kuwa pamechomelewa kipande kipya, ni afadhali kulinunua gari hilo kwa bei ya spea na kulitumia kama spea.