Istikhara si ramli

Baada ya Isha, watu wakishapungua msikitini, swali ninaloletewa mara nyingi ni hili: "Ustadhi, nimeswali istikhara lakini sijaota kitu. Nifanyeje?" Istikhara ni swala ya kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri. Huyu kaposwa na watu wawili. Yule ni binti aliyepata kazi Muscat. Wakala anamharakisha, na mama mtu hataki kusikia. Siku hizi naulizwa hata kuhusu viwanja.

Hadithi yenyewe ameipokea Jabir bin Abdillahi, na imo katika Sahihi ya Bukhari: Mtume (S.A.W.) akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua, basi. Ndoto haikutajwa, wala kuona rangi ya kijani usingizini. Wala hakuna mahali panaposema umpelekee mtu jina lako na la mama yako, na bahasha juu yake, akuswalie yeye. Hiyo ni ramli iliyovishwa kanzu.

Sasa tazama dua inaomba nini. Mja anaanza kwa kukiri: Wewe unaweza nami siwezi, Wewe unajua nami sijui. Kisha: jambo hili likiwa na kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unirahisishie. Likiwa na shari, liepushe nami, na uniepushe nalo. Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu posa inaweza kuvunjika leo, na moyo ukabaki umeng'ang'ania kwa miaka. Ndiyo maana dua inamalizia: nikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Anayengoja ndoto anataka kuijua kesho. Dua inaomba moyo utakaoipokea.

Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa zamani, alisema mtu afuate lile ambalo kifua chake kimelikunjukia, ila asitegemee hamu aliyokuwa nayo kabla ya kuswali. Sharti gumu hilo! Wengi wetu tunaswali tukiwa tumeshaamua, tunatafuta muhuri tu.

Mfano ninaoupenda ni wa siku alipofariki Mtume mwenyewe, mwaka wa 11 Hijria. Madina ilikuwa na wachimba kaburi wawili, mmoja akichimba mwanandani, yaani upango wa pembeni ndani ya kaburi, mwingine akichimba kaburi bila huo. Masahaba wakahitalifiana. Wakasema: tumtake Mola wetu atuchagulie, tuwatumie ujumbe wote wawili, atakayetangulia ndiye. Akatangulia wa mwanandani. Hakuna aliyelala kungoja ndoto, na msiba wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko wowote waliowahi kuuona.

Kwa hiyo yule binti wa Muscat namwambia aanze na mkataba: ausome na mtu anayejua Kiarabu, amuulize aliyewahi kufanya kazi huko, ajue pasipoti itashikwa na nani. Kushauriana nako ni sunna. Kisha aswali na kuitaja haja yake waziwazi. Aepuke baada ya Alfajiri mpaka jua lipande, na baada ya Alasiri mpaka lizame. Akiwa hedhini, dua peke yake inatosha. Bado moyo unayumba? Arudie, hakuna ubaya. Moyo ukitulia, ampigie wakala simu ampe jibu.